Duka la Berry na Lincoln: lilivyofilisika, na mwenye duka alivyoingia bungeni

Muda mfupi baada ya uchaguzi wa Agosti 1834, mpima ardhi mmoja wa kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, alikamatiwa mali kwa amri ya mahakama. Mali yenyewe ilikuwa farasi, tandiko, hatamu, dira na mnyororo wa kupimia. Hakuwa na kingine cha kukamata. Mtu huyo alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kwa kura 1,376, akiwa wa pili kati ya wagombea 13. Vitu vyake vilipigwa mnada kwa deni la duka lililokufa mwaka mmoja nyuma.

Jina lake ni Abraham Lincoln. Dunia inamjua kwa urais wake wa 1861 hadi 1865, lakini hapa tunachambua miaka ya nyuma zaidi, 1831 hadi 1842, alipokuwa karani wa duka, mbia wa duka, mdaiwa, na mbunge wa jimbo kwa vipindi vinne. Kisa hiki huelezwa kwa sentensi moja: mbia wake Berry alikuwa mlevi, yeye Lincoln alikuwa msomaji wa vitabu, basi duka likafa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ukiziangalia hesabu, duka lile lilikuwa limeshakufa siku liliponunuliwa, na watu wawili wenye bidii zaidi yao wasingeliokoa.

Kijiji chenyewe

New Salem ilianzishwa mwaka 1829 na James Rutledge na John Camron, juu ya kilima kando ya mto Sangamon, karibu maili 20 kaskazini-magharibi ya Springfield. Walijenga bwawa na kinu cha kusaga nafaka na kupasua mbao. Wakulima wa mashamba ya jirani walileta mahindi na ngano kusagwa, na wakati wakisubiri zamu walihitaji fundi chuma, fundi viatu, duka, na mahali pa kukaa. Kijiji kikazaliwa hivyo. Katika kilele chake, miaka ya 1832 na 1833, kilikuwa na watu mia moja hivi, familia 20 hadi 25. Kumbuka idadi hiyo tutakapofika kwenye maduka.

Matumaini yote yalikuwa mtoni. Bidhaa za duka zilitoka St. Louis kwa meli ya mvuke hadi Beardstown kwenye mto Illinois, kisha zikasafirishwa nchi kavu kwa magari ya kukokotwa na farasi au ng'ombe, njia ya maili 40 hivi yenye tope zito majira ya mvua. Kama meli ingeweza kupanda mto Sangamon hadi chini ya kilima, gharama ya usafiri ingeshuka na kijiji kingekuwa mji. Machi 1832 meli iitwayo Talisman ilijaribu. Watu walitangulia mbele na mashoka kukata matawi yaliyoinamia maji, Lincoln akiwa mmoja wao, na meli ikafika karibu na Springfield kwa shangwe kubwa. Siku chache baadaye maji yakaanza kupungua. Ikarudi chini taratibu, Lincoln akisaidia kuiongoza kwa ujira wa dola 40, na ilipofika New Salem ikabidi sehemu ya bwawa ibomolewe ndipo ipite. Hakuna meli nyingine iliyofanya biashara ya kudumu kwenye mto huo. Kila aliyefungua duka New Salem baada ya hapo alikuwa anauza kwenye kijiji ambacho sababu yake ya kukua ilikuwa imeondoka na maji.

Karani kabla ya kuwa mwenye duka

Lincoln aliingia New Salem Julai 1831 akiwa na miaka 22. Tajiri wake, Denton Offutt, alikuwa amemtuma New Orleans kwa mashua bapa iliyobeba nafaka na nyama ya nguruwe, na aliporudi akampa ukarani kwa dola 15 kwa mwezi. Duka la Offutt lilifunguliwa Septemba 1831. Offutt alikuwa mtu wa mipango mingi na maneno mengi kuliko fedha: alikodi kinu, akanunua mali, akatoa ahadi kila upande. Masika ya 1832 duka likafungwa naye akatoweka.

Hata hivyo miezi ile ilimpa karani jambo moja. Duka la kijijini wakati ule lilikuwa baraza. Watu walikuja kwa chumvi wakakaa saa mbili wakizungumzia bei za nguruwe, barabara mbovu na siasa za Rais Jackson. Kijana mrefu aliyejua kusoma gazeti kwa sauti, kuandika barua za wasiojua kuandika, kushindana mieleka na kusimulia hadithi, alifahamika na kila mwenye kinu, jembe au bunduki ndani ya mwendo wa siku moja. Tarehe 9 Machi 1832 akatangaza kugombea ubunge wa jimbo. Mambo mawili ya tangazo lake yanatuhusu hapa: kunyoosha na kusafisha mto Sangamon, kwa kuwa reli iliyokuwa inapendekezwa ingegharimu dola 290,000 na kaunti haikuwa na uwezo huo, na sheria ya kuzuia riba za kukomoa. La pili halisemwi sana, nasi tunaona ndilo linalofungua kisa kizima. Aliandika dhidi ya riba kabla hajatia sahihi hati yoyote ya deni la duka.

Vita vya Black Hawk, dhidi ya Wahindi Wekundu wa chifu wa jina hilo, vikamtoa kijijini Aprili hadi Julai. Farasi wake akaibwa usiku wa kuamkia safari ya kurudi, akarejea kwa miguu na kwa mtumbwi, akabakiwa na wiki chache tu za kampeni. Tarehe 6 Agosti 1832 akawa wa nane kati ya 13, na viti vilikuwa vinne. Lakini tazama kituo cha New Salem peke yake, walikopigia kura na wakulima wa jirani: kati ya wapiga kura 300, 277 walimpa. Waliomjua walimchagua, na shida ilikuwa kwamba kaunti ilikuwa kubwa na waliomjua walikuwa wachache.

Jinsi duka lilivyonunuliwa

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Ndugu wawili wa familia ya Herndon, James na Rowan, walikuwa na duka New Salem. James akauza sehemu yake kwa William F. Berry, mtoto wa mchungaji, aliyekuwa ametumikia jeshini katika kikosi cha Lincoln. Kisha Rowan naye akamuuzia Lincoln sehemu yake, kwa mali kauli kabisa: hakupokea fedha, alipokea karatasi yenye sahihi.

Karatasi hiyo ndiyo roho ya kisa hiki, kwa hiyo tuieleze. Fedha taslimu ilikuwa adimu mno mipakani mwa Marekani ya wakati ule, yaani maeneo mapya ya walowezi, na biashara kubwa ziliendeshwa kwa hati za ahadi ya malipo: "Mimi fulani nitamlipa fulani, au atakayepewa hati hii, kiasi fulani tarehe fulani, pamoja na riba." Mwenye hati aliweza kuiandika nyuma na kumpa mtu mwingine kama malipo, naye akampa mwingine. Deni ulilochukua kwa jirani mpole anayekuelewa linaweza kuamkia mikononi mwa mgeni wa mjini asiyekujua wala kukuonea haya. Tena kila aliyetia sahihi anawajibika kwa deni zima. Mkiwa wawili mmoja akafa, aliyebaki analibeba lote. Watu walitia sahihi kuwadhamini marafiki kama wanavyoazimana jembe, na wengi waliumia.

Januari 1833 ikaja nafasi ya pili, na hii ndiyo iliyowamaliza. Reuben Radford alikuwa na duka jingine kijijini. Vijana wakorofi wa Clary's Grove, makazi ya jirani, wakaingia, wakanywa, wakavunja madirisha na vyombo. Radford akachoka. Asubuhi kijana William Greene alipopita, Radford akamuuzia duka zima papo hapo kwa dola 400, nyingi kati ya hizo zikiwa hati. Lincoln akamsaidia Greene kuhesabu mali iliyokuwamo. Bila kukawia, Berry na Lincoln wakainunua kutoka kwa Greene kwa takribani dola 750: fedha taslimu 265, farasi, na kulichukua deni la Greene kwa Radford.

Tusimame hapo. Greene alipata kama dola 350 kwa kazi isiyofika hata siku chache. Kwa mshahara wa karani wa dola 15, hiyo ni miezi 23 ya kazi. Wanunuzi wawili wakalipa karibu mara mbili ya bei ambayo mali ileile ilikuwa imetoka kuuzwa, wakatoa fedha taslimu yote waliyokuwa nayo, na wakabaki na rafu zilizojaa bila akiba ya kununulia mali inayofuata. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba anajua maana yake. Mali ya dukani huisha kwa mtindo wake: sukari, chumvi na kahawa huondoka wiki ya kwanza, na kofia, vyungu vilivyopasuka mdomo na vitambaa vya rangi isiyopendwa hubaki. Asiye na fedha ya kurudisha sukari kwenye rafu anabaki na duka la kofia.

Tena hawakuwa peke yao. Duka la Samuel Hill na John McNeil lilikuwa limetangulia, likiwa na wateja wake na mtaji wake. Kijiji cha watu mia, hata ukiongeza wakulima wa pembeni, hakikuwa na tumbo la maduka mawili yenye afya. Hill ndiye aliyesimama mpaka mwisho, kwa sababu za kawaida kabisa: alikuwa na fedha yake mwenyewe na alibana mikopo. Mwaka 1835 akajenga mashine ya kuchambua sufu iliyoendeshwa na ng'ombe, akawa anawapata wakulima kwa mlango wa pili.

Ndani ya duka

Jengo walilohamia Berry na Lincoln lilikuwa la mbao zilizopasuliwa, la pekee la aina hiyo katika kijiji cha nyumba za magogo, na nyuma yake palikuwa na chumba kidogo kilichoegemezwa ukutani. Rafuni palikaa chai, kahawa, sukari, chumvi, baruti, risasi, vyombo, viatu, kofia na pamba za viwanda vya New England. Pamba za viwanda hivyo wasomaji wa pwani wana sababu ya kuzijua. Miaka hiyohiyo wafanyabiashara wa Massachusetts walikuwa wanazishusha Unguja, zikaitwa merikani mpaka leo, na Septemba 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani huko Maskati. Kwenye mapipa kulikuwa na wiski, ramu, jini na brandi.

Mteja alilipa kwa alichokuwa nacho: siagi, mayai, asali, nta, ngozi za wanyama, manyoya ya bata ya kujazia magodoro, nyama ya kukaushwa. Mwenye duka ilimpasa kukadiria thamani, kuandika daftarini, kuhifadhi visioze, kisha kuvisafirisha hadi mahali ambapo mtu angevinunua kwa fedha. Kila hatua ina hasara yake. Siagi ya Julai haifiki St. Louis ikiwa siagi.

Sarafu zilizokuwepo nyingi zilikuwa za Kihispania. Dola ya Kihispania iligawanywa mafungu manane, kila fungu likiitwa reale, sawa na senti 12 na nusu. Sisi pwani tulilichukua neno hilo tukaliita sarafu nzima reale. Wao walilitumia kwa sehemu ya nane. Ndiyo maana bei za enzi ile zina vipande vinavyomshangaza msomaji wa leo.

Bei hizo tunazijua kwa sababu tarehe 6 Machi 1833 baraza la makamishna wa kaunti lilitoa leseni ya nyumba ya wageni kwa jina la Berry na Lincoln, kwa mwaka mmoja, pamoja na dhamana ya dola 300. Nusu painti (robo lita hivi) ya brandi ya Kifaransa ni senti 25, ya pichi 18 na robo tatu. Wiski 12 na nusu. Jini ya Kiholanzi 18 na robo tatu. Chakula kimoja senti 25, kulala usiku 12 na nusu, farasi kulala na kula 25. Abiria wa gari la posta alitozwa chakula senti 37 na nusu, zaidi ya mwenyeji, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kula.

Kwa nini leseni? Duka la kawaida liliruhusiwa kuuza pombe kwa kipimo kikubwa, kuanzia kwati moja (lita moja hivi), mnunuzi aende nayo nyumbani. Kumimina kwenye bilauri ili mtu anywe palepale kulihitaji leseni. Mwenye duka asiye na fedha ya kuleta bidhaa mpya ana pipa moja tu linalotoa fedha kila siku, na tunaiona leseni hii kama jaribio la mwisho la kukamua pipa hilo. Jina la Lincoln kwenye hati ya dhamana halikuandikwa kwa mkono wake. Jambo hili lilikuja kumfuata: katika mdahalo wa Ottawa, Illinois, Agosti 1858, mpinzani wake wa useneta Stephen Douglas alimsema kuwa aliwahi kuwa na kilabu cha pombe, naye akakanusha kuwa hakuwahi kuwa nacho popote.

Kabla mwaka 1833 haujafika mbali duka lilikuwa limezimika. Lincoln mwenyewe alilieleza kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili tungesema lilipepesa likazimika, kama mshumaa.

Barua na mnyororo

Tarehe 7 Mei 1833 akateuliwa kuwa msimamizi wa posta ya New Salem, nafasi aliyokuwa nayo Samuel Hill kabla yake. Ilikuwa kazi ndogo ya kamisheni. Kwa mwaka mmoja ulioandikwa alipata dola 55 na senti 70. Deni lote, lililokuja kukadiriwa kuwa dola 1,100, lingechukua karibu miaka 20 kulipwa kwa fedha hiyo, hata kama asingekula.

Faida yake ilikuwa kwingine. Posta ya wakati ule ililipwa na mpokeaji. Barua ya karatasi moja kwa umbali usiozidi maili 30 ilikuwa senti 6, hadi maili 80 senti 10, hadi maili 150 senti 12 na nusu, hadi maili 400 senti 18 na robo tatu, na zaidi ya hapo 25. Karatasi ya pili ilizidisha bei mara mbili. Msimamizi alihesabu karatasi na umbali, akaandika bei pembeni, na mwenye barua akaja kulipa. Anayekaa kwenye kazi hiyo anajua nani ana ndugu Kentucky, nani anadaiwa St. Louis, nani hana senti 25 za kuitoa barua ya mama yake. Lincoln alizipeleka barua mashambani kwa wasiofika kijijini, nyingine akizibeba ndani ya kofia yake. Na magazeti yaliyopita posta aliyasoma kabla wenyewe hawajayachukua.

Mwishoni mwa 1833 akapata kazi ya pili: mpima ardhi msaidizi chini ya John Calhoun, ingawa Calhoun alikuwa wa chama cha Jackson naye hakuwa. Alijifunza jometria na trigonometria kwa wiki kadhaa, mwalimu Mentor Graham akimsaidia. Mnyororo wa kupimia una futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Mpimaji husimamisha dira, hutazama mwelekeo, wabeba mnyororo wakaunyoosha na kupiga vijiti, na kila kosa la mnyororo uliolegea bondeni hubaki kwenye mpaka wa shamba na kuzaa kesi miaka kumi baadaye. Malipo yalikuwa dola 2 na nusu kwa robo ya eneo la maili moja ya mraba, yaani ekari 160. Mwanzoni mwa 1834 alimpimia Russell Godbey shamba, akalipwa ngozi mbili za paa. Hannah Armstrong akazishonea mbele ya suruali yake ili miiba isiimalize.

Farasi na vifaa vya kazi hii navyo vilichukuliwa kwa mkopo. Deni likazaa deni, lakini safari hii kwa kifaa kinacholeta chakula, na hapo ndipo penye tofauti na kofia za Radford.

Kura zilikotoka

Uchaguzi wa Illinois wakati ule ulikuwa wa kutamka. Mpiga kura alisimama mbele ya makarani, akasema jina lake na majina anayoyachagua kwa sauti, wote wakisikia, na makarani wakaandika. Kila mwanamume mweupe wa miaka 21 aliyekaa jimboni miezi sita aliruhusiwa; wanawake na Waafrika wa Marekani walizuiwa. Katika utaratibu kama huo jirani yako anakuona ukimtaja au ukimruka. Mtu aliyekupimia mpaka bila upendeleo, aliyekuletea barua mvuani, aliyekuachia deni la chumvi mwaka wa baridi kali, kumruka mbele ya watu ni vigumu.

Tarehe 4 Agosti 1834 kaunti ya Sangamon ilikuwa na viti vinne. John Dawson alipata 1,390, Lincoln 1,376, William Carpenter 1,170, John T. Stuart 1,164. Hata wafuasi wa Jackson, akiwemo hakimu wa amani Bowling Green, walimuunga mkono. Kati ya uchaguzi wa kwanza na wa pili duka lilikuwa limekufa na deni limekua, na kura zake ziliongezeka kutoka 657 hadi zaidi ya mara mbili. Wateja wa duka lililofilisika wanajua kama mwenyewe aliwadhulumu au la. Hawa waliona hakuwadhulumu.

Akakopa dola 200 kwa mkulima Coleman Smoot, akanunua suti kwa dola 60, akapanda gari la farasi kwenda Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati huo. Bunge lilifunguliwa tarehe 1 Desemba 1834: wawakilishi 55 na maseneta 26. Posho ilikuwa dola 3 kwa siku, na mwisho wa kikao alikuwa amepokea dola 258, fedha nyingi kuliko alizowahi kushika kwa mkupuo. Akapangiwa kamati ya hesabu na matumizi ya umma. Miswada yake ya mwanzo ilikuwa ya ukubwa wa duka: kupunguza mamlaka ya mahakimu wa amani, na kumruhusu Samuel Musick kujenga daraja la kulipia juu ya mto Salt Creek. Wa daraja ulipita.

Huko nyuma mambo yalikuwa yanaiva. Radford alikuwa ameshaipitisha hati yake kwa Peter Van Bergen, mtu wa Springfield, naye akaenda mahakamani. Hukumu ikatoka, mali ikakamatwa. Kwenye mnada mkulima James Short, jirani aliyemwita kijana huyu rafiki, alitoa dola 120 akavinunua vyote, farasi, tandiko, hatamu na vifaa, akamrudishia mwenyewe. Bila dira na mnyororo asingeweza kupata fedha ya kumlipa mtu yeyote.

Tarehe 10 Januari 1835 Berry akafariki, akiacha mali kidogo sana. Wadai wakageukia sahihi iliyobaki. Watu wengi wa mipakani walipofika hapo walifungasha usiku wakahamia Missouri au Texas, na hakuna aliyewafuata. Lincoln aliwaendea wadai mmoja mmoja, akawaomba wamwache alipe kidogo kidogo. Mwenyewe aliliita deni hilo deni la taifa. Kulimaliza kulimchukua miaka mingi ndani ya miaka ya 1840, akiwa tayari wakili anayefahamika.

Kutoka deni la duka hadi deni la jimbo

Waandishi wengi humaliza sura hii kwa sifa ya uaminifu na kusonga mbele. Sisi tunaona kuna jambo zito linalofuata, na linastahili kusemwa wazi kwa heshima yote.

Mwaka 1836 alichaguliwa tena akiongoza orodha ya kaunti. Wabunge tisa wa Sangamon, wawili maseneta na saba wawakilishi, walikuwa warefu kiasi kwamba waliitwa Tisa Warefu. Walikuwa na shabaha moja: kuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia kwenda Springfield. Kwa hiyo waliupigania mpango mkubwa wa reli, mito na barabara uliopitishwa Februari 1837, wenye kugharimu zaidi ya dola milioni 10 za mkopo, wenye njia ya reli kwa karibu kila upande wa jimbo, na dola 200,000 za kugawia kaunti zisizopata reli wala mfereji ili nazo ziridhike. Tarehe 28 Februari Springfield ikashinda.

Mtu ambaye mwaka 1832 alisema dola 290,000 ni nyingi mno kwa kaunti yake, miaka mitano baadaye aliunga mkono milioni 10 kwa jimbo changa. Alikuwa anaamini, kama alivyoamini kwenye duka la Radford, kwamba watu watakuja, ardhi itapanda bei, na mapato yatalipa karatasi. Miezi michache baadaye mtikisiko wa fedha wa 1837 ukapiga nchi nzima. Kazi zilikuwa zimeanzishwa pande zote kwa wakati mmoja ili kila mbunge aone koleo kwake, kwa hiyo vipande havikuungana na reli isiyoungana haiingizi kitu. Kufikia 1842 jimbo lilikuwa limeshindwa kulipa riba na benki yake imeanguka. Kipande kilichokamilika, cha kutoka Meredosia hadi Springfield, kiliuzwa mwaka 1847 kwa dola 21,100.

Lincoln alibaki akiutetea mpango ule kuliko wenzake wengi, na tunadhani alikosea. Desemba 1840, bunge likikutana kanisani Springfield kwa kuwa jengo jipya halijaisha, aliruka dirishani pamoja na wenzake ili idadi ya wajumbe isitimie, kikao kisifungwe, na Benki ya Jimbo ipate nafuu. Haikusaidia: akidi ilikuwa imeshahesabiwa.

Kipindi hichohicho kina jambo la kumkumbukia kwa upande mwingine. Januari 1837 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 77 dhidi ya 6 maazimio ya kuwalaumu wanaopinga utumwa. Alikuwa kati ya sita. Machi 3 yeye na Dan Stone wakaandika pingamizi kwenye kumbukumbu za bunge wakisema utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Pingamizi hilo halikumletea kura hata moja Sangamon.

Springfield, Aprili 1837

Alipata ruhusa ya uwakili Septemba 1836, na tarehe 15 Aprili 1837 aliingia Springfield kwa farasi wa kuazima, mifuko miwili ya tandiko ikiwa ndiyo mali yake. Akaingia duka la Joshua Speed kuuliza bei ya godoro, blanketi, mashuka na mto kwa kitanda kimoja. Speed akapiga hesabu ubaoni: dola 17. Lincoln akasema ni rahisi, lakini hana, na kama Speed atamkopesha hadi Krismasi, na uwakili ukifaulu, atalipa; usipofaulu huenda asilipe kamwe. Speed, mfanyabiashara, alimtazama usoni akaona mtu anayeogopa deni la dola 17. Akamwambia juu kuna chumba chenye kitanda kikubwa, karibu tulale pamoja. Lincoln akapanda na mifuko yake, akaiacha sakafuni, akashuka akicheka: amehamia.

New Salem nayo ilikuwa inaondoka. Posta ilifungwa mwaka 1836. Mwaka huohuo Lincoln mwenyewe ndiye aliyepima viwanja vya Petersburg, mji jirani, na kaunti mpya ya Menard ilipoundwa 1839, Petersburg ikawa makao yake. Watu walizivunja nyumba zao za magogo wakazihamishia huko. Kufikia 1840 kilima kilikuwa malisho.

James Short, aliyetoa dola 120 mnadani, baadaye mambo yalimwendea vibaya akahamia California. Aliyekuwa mmiliki wa farasi yule alipoingia Ikulu, alimteua kuwa wakala wa serikali katika hifadhi ya Wahindi Wekundu ya Round Valley.